Tangi la Dobi

Jumamosi, 3 Mei

Nimenunua tangi la kioo! Samaki sina hata mmoja. Nilikwenda kwa yule dada mwenye duka la samaki wa mapambo kuchukua mapazia yake ya kufua – nikatoka na tangi, mchanga, mimea ya majini na mtambo mdogo wa kuchujia maji. Mapazia nikayasahau palepale. Kisa? Alicheka. Nilimuuliza kama samaki hulala, akacheka huku ameegemea kaunta, na mimi mtu mzima, dobi mwenye heshima zangu, nikajikuta nimetoa pochi.

Samaki, dada kakataa kuniuzia. Eti maji bado. Subiri, kaka.

Mama kaliona tangi, kauliza humo tutafulia nini.

Jumapili, 4 Mei

Nimepanda mimea. Nikizamisha huu, ule unaibuka. Nimelowa hadi kwapani. Mikaidi kuliko kola ya fundi gereji! Lakini nilipowasha taa – ah! Kijani tupu. Nikakaa juu ya ndoo nikatazama, nikatazama, mpaka pasi ikaunguza suruali ya mwalimu mkuu.

Alhamisi, 8 Mei

Maji yamekuwa meupe kama kanji. Majani yanaoza. Nimekimbia dukani povu la sabuni likiwa bado viganjani. Bi Subiri – ndivyo ninavyomwita moyoni, maana neno jingine hana – kaniambia nisiguse kitu. Kwenye ule uchafu, hasa kwenye sponji ya mtambo, wanakaa vijidudu wasioonekana, na hao ndio wanaokula sumu ya kinyesi cha samaki. Ukiwafua, samaki wanakufa.

Nisioshe? Mimi? Ukoo mzima tumekula kwa kuondoa uchafu! Babu dobi, mama dobi, mimi dobi. Mkono unaniwasha.

Kasema maji yakikomaa atakuja kuyaona mwenyewe. Atakuja. Hapa. Nyumbani! Basi, hata mkono uwashe kama moto, sponji siigusi.

Jumatatu, 19 Mei

Utando wa kahawia kwenye kioo. Konokono wawili wamejitokeza, sijui nani kawaalika. Lakini mmea mmoja umetoa jani jipya, dogo kama kifungo cha shati! Nikampelekea Bi Subiri habari (na mapazia, niliyachukua ile siku ya povu, nimeyapiga pasi mara mbili). Kasema: Jumapili nakuja.

Nampenda. Haya, nimeliandika. Mama hawezi kusoma daftari hili, anasema mwandiko wangu mchafu.

Jumamosi, 24 Mei

Balaa! Nimetoka kupeleka mashuka ya watu, nakuta tangi linang'aa. Mama anafuta mikono, kanena: mgeni anakuja kesho, mwanangu, akiona tope lile atasema hukulelewa. Mchanga kauchemsha. Mimea kaisugua jani kwa jani. Konokono kawatupa. Sponji kaifua kwa sabuni na dawa ya madoa, kisha kaianika kambani kwa vibanio viwili.

Huyu kanilea kwa mikono iliyochubuliwa na sabuni. Sijawahi kumwambia aache kufua, leo nianzie wapi? Nikasema ahsante, mama. Akafurahi sana.

Jumapili, 25 Mei

Yuko sebuleni! Nimejificha jikoni, eti natafuta vikombe. Niandike upesi.

Kaingia, kalitazama tangi, kanusa. Mama kifua mbele: umeona maji, binti yangu? Kama machozi! Bi Subiri akanitazama mimi. Mimi nikatazama zulia. Akamwambia mama kwamba kioo kinachong'aa hivi hajawahi kukiona. Hakunisema!

Kisha akatoa mfuko kwenye mkoba. Nilidhani samaki. Si samaki – sponji. Nyeusi, inateleza, inanuka tope. Ya tangi lake kubwa la dukani, haijaoshwa tangu afungue duka. Kaikata katikati: nusu kabaki nayo, nusu yangu. Weka kwenye mtambo wako, kaka, maji yatakomaa upesi.

Sijapewa kitu kichafu namna hii maishani. Wala sijafurahi namna hii.

Ngoja. Mama kaingia jikoni. Kaibeba ile sponji kwa vidole viwili. Ananinong'oneza: maskini, binti mzuri hivi, kumbe kufua hakufundishwa, tumsitiri. Bomba kalifungua. Kipande cha sabuni hicho mkononi! Na sebuleni sauti inaita: kaka, mbona kimya?

Nimesema! Nimesema, mama, acha! Kwa sauti, nyumba nzima imesikia.

Mama kaganda. Ananitazama mimi, anatazama sponji, anatazama mlango. Kafunga bomba. Kumbe, kasema polepole, huyu hakuja kwa ajili ya samaki.

Sponji kaniwekea mkononi. Inadondosha, tone jeusi limeangukia ukurasa huu. Silifuti. Nyayo zinakuja, mama anavua aproni, vikombe sijavipata, kitasa kinazunguka –