Karanga za Shekinah

Mariette, usicheke. Niko na haya sana.

Leo huku Mulekera nilifundisha calcul, hesabu ya kutoa. Kila mutoto nilimupa karanga kumi, nikasema: "Mutoe tatu."

Shekinah, ule mudogo mwenye bazazi bake balikimbia vita ku Eringeti, alibakia na maganda tu. Nikamuita mwizi. Nikamupigisha magoti mbele ya benzake. Mariette, magoti.

Akasema: "Mwalimu, nilitoa zote kumi, nikakula. Inabakia zero."

Jibu yake ilikuwa ya kweli. Lakini maître Benoît, mwenye kunipima kama naweza kuwa mwalimu, alikuwa nyuma anaandika cote yangu, alama zangu, donc nikamuacha ku magoti mpaka mwisho.

Saa ya kutoka akanikaribia polepole: "Mwalimu, kesho tutatoa tena?"

Nikajibu ndiyo. Kumuomba pardon, kinywa ilikataa.