Waya za Plagi na Ahadi ya Baba Zuhura

Lusahunga, Biharamulo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo ya baba umfikishie kabla hajauliza kama nimemsahau. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Na macho ya baba je? Mdogo wangu Salimu aliniambia kwamba siku hizi baba anamtambua mtu kwa sauti kwanza, ndipo amtazame. Tangu nisikie hilo usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu.

Sisi ni wazima. Zuhura anakimbia, anagombana na kuku, na asubuhi ananisalimia kwa lugha ya huku, "mwaramutse", kama watoto wa jirani. Mimi namjibu kwa Kiswahili cha Pangani, ananicheka.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu nikipiga simu baba Zuhura huweka spika ili naye awasalimie, na haya ya leo hayafai spika. Mama, nimechoka na gari.

Lile la bluu. Ni zee, la petroli, na kwenye injini yake kuna waya nne nene zinazopeleka moto kwenye plagi. Fundi Gervas wa Nyamiaga alizibadilisha zote kabla ya Idi, akazipitisha kwenye vishikizi vya plastiki, kila moja mbali na nyingine, na zote mbali na ekzosi. Nilikuwepo, nimemshika Zuhura mkono. Alimwambia mume wangu kwa lafudhi ya kwao, "Mzee, kira waya na njia yake. Zisigusane, na zisiguse ekzosi, zitaungua. Ukizifunga pamoja, moto wa hii unarukia ile, gari linamisi, linakatakata." Mume wangu akaitikia kila neno kama yuko darasani.

Lakini unamjua mkweo. Dukani kwetu hakuna kitu kinachoachwa kikining'inia. Sukari inafungwa, mishumaa inafungwa, hata mifagio inayouzwa mmoja mmoja lazima aifunge kwanza. Tulipofika nyumbani alifungua boneti, akatazama, akasema, "Fundi gani huyu, kaacha kazi ovyo ovyo." Akachukua vipande vya mpira wa tyubu, akazikusanya waya zote nne, akazisuka kama nywele za bibi harusi, akazilaza chini zisionekane. Madereva wa malori wakija kununua sigara anawafungulia boneti waone usafi. Nao wanasifia, wana hasara gani?

Safari ya Idi ya kuja huko kwenu tuliishia kabla ya Nyakanazi. Gari lilikohoa, likatetemeka, likanuka mpira unaoungua, likazima. Tulivutwa kwa kamba na lori la mteja wetu, sufuria ya pilau mapajani mwangu, na njia nzima watu wanatupungia mikono. Gervas akabadilisha waya zilizoungua, akarudisha vishikizi, akasema yale yale. Tulipofika nyumbani mpira wa tyubu ukarudi pale pale. Nilipomkumbusha maneno ya fundi aliniambia, "Wewe maandazi, mimi gari."

Juzi tukatoka tena baada ya sala ya alfajiri, ukungu umelala barabarani. Zuhura kavaa gauni la kumwonyesha babu, mimi nimepika mkate wa kumimina. Hata kilima cha kwanza hatukumaliza, gari likaanza kutetemeka. Baba Zuhura akasimama, akafungua boneti injini ikiwa inanguruma, na kwa kuwa palikuwa bado giza giza nikaona kwa macho yangu cheche za bluu zikirukaruka kwenye lile fungu lake. Nikamwambia azime. Kisha nikachukua kisu cha mkate, Mama, sikuomba ruhusa, nikakata mipira yote na kuzitenga zile waya, kila moja upande wake. Akawasha. Likanguruma vizuri kabisa.

Nikasema, "Haya, twende."

Unajua alijibu nini? "Turudi. Siwezi kwenda ukweni waya zinaning'inia hivi."

Nililia kwa hasira mpaka nyumbani. Zuhura akaniuliza kama babu amefariki.

Mabasi yanapita mbele ya duka letu kila asubuhi. Nimemwambia tupande kama watu wengine. Akasema, "Nishuke kwenye basi na begi kichwani? Baba yako atasema nini?" Nikamwambia, "Atasema karibuni." Akaenda kufunga mishumaa.

Si mtu mbaya. Unakumbuka siku ya ndoa, baba alipomuuliza mbele ya watu, "Sasa huko Biharamulo, mwanangu nitamwona lini?" Naye akajibu, "Mzee, nitamleta kwa gari langu mwenyewe, mpaka mlangoni." Watu wakapiga vigelegele. Neno lile limemkaa kooni hadi leo. Ahadi ni deni, lakini hili la kwake tunalilipa mimi na Zuhura. Mtoto ana miaka minne na babu yake hajauona uso wake, na macho ya baba hayasubiri fundi.

Kwa hiyo nakuomba, Mama. Mwambie baba apige simu yeye mwenyewe, asiseme kama nimeandika. Aseme tu, "Mwanangu, lile gari nimekusamehe. Nileteeni mtoto kwa chochote kinachotembea." Mimi hanisikii, lakini baba atamsikia. Akiweka spika, nami nitasikia.

Nisalimie shangazi wa sokoni, muuza nazi, na bibi wa nyumba ya pili aliyenifunda akasahau kunifunda habari za magari. Salimu mwambie aache kuvuta sigara nyuma ya choo, najua. Barua hii namkabidhi dereva anayeshuka Tanga, mpe maji ya kunywa akifika.

Mimi bintiyo asiyekusahau,
Mwanaasha

Begi la Zuhura liko pale pale mlangoni tangu juzi. Sijalifungua.