Hukumu Iliyonuka Ndagala

Mjukuu wangu Furaha,

Huku Uvira tuko salama. Babu yako anakoroma kama pikipiki. Unauliza kwa nini avoka, wakili unayemfanyia kazi, anataka kopi ya kila faili ikae mbali na ordinateri, ile kompyuta yake.

Wakati wa vita nilikuwa napiga hukumu kwa mashini pa tribinali, kule mahakamani. Kopi ya tatu ya karbone ilitoka hafifu, basi nilikuwa naibeba nyumbani kufungia ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Tribinali ikaungua yote. Mama mmoja wa Kiringye akaja analia: jirani ambaye yeye alimshinda kwa kesi ya shamba amerudi kulilima, na hukumu imeungua.

Kopi yake nikaikuta jikoni kwangu, imefungia ndagala. Jaji akainusa, akacheka.

“Inanuka, lakini iko ya kweli,” akasema, akapiga muhuri.

Mpaka leo tunakula muchele wa shamba lile, mama yule anatuletea.

Bibi yako