Kipande cha Nane

Bukoba,
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Magoti yanaendeleaje, na mihogo ya bondeni imepona na nguruwe? Mimi na wajukuu zako wazima, Alhamdulillahi, ila kwa mvua za huku rangi ya michoro yangu inakauka kwa maringo, nashinda nikipepea mabati kwa ungo.

Mama, kaa chini kwanza. Nimepata kazi! Kamati ya michezo ya Kibaha imeuchagua mchoro wangu. Timu yenu ya netiboli ya ujanani, nyinyi wenyewe, inawekwa kwenye ukuta wa uwanja wa hapo Dutumi, kila mmoja mkubwa kuliko mlango! Nachorea huku, bati moja mchezaji mmoja, kisha yote yanapakiwa kwenye basi. Nilipopewa habari nilipiga kigelegele hadi mwenye nyumba akaja kuuliza nani kaolewa.

Bati lako limeshakauka. Umeruka, mpira mkononi, khanga ya sare umeikaza kiunoni, kama siku ile mlipopanda lori la mihogo kwenda kuwafunga wenyeji wa Masaki, kule Kisarawe.

Khanga hiyo ndiyo iliyonitia matatani. Kamati waliagiza wachezaji saba, kama mlivyo kwenye picha yenu. Lakini wewe uliniambia mlichanga mkanunua doti nne. Doti nne ni vipande vinane, Mama! Nikakuuliza kwa simu cha nane alivaa nani, ukasema chungu kinaungua, ukakata. Basi nikamuuliza mjomba Ramadhani. Akasema, "Cha mdogo wetu Chausiku. Alikuwa mchezaji wa akiba. Picha ilipopigwa tulikuwa tumeshamzika."

Nilijua nilikuwa na mama mdogo aliyefariki kwa uzazi. Sikujua alikuwa akicheza.

Nikampigia mwenyekiti wa kamati, mama mmoja mkali. "Tulikubaliana saba, mwanangu." Nikamwambia, "Mama, khanga haiuzwi kipande. Saba wamevaa, cha nane tukifanye kitambaa cha meza?" Akacheka sana. "Haya, weka wanane. Ila mwisho wa mwezi mabati yawe hapa."

Msalimie sana mjomba, na wifi yangu aliyejifungua, unibusie mtoto. Shangazi Hadija, mlinzi wenu wa goli, mwambie nimemchora mwembamba kama zamani, kwa hiyo aniletee shukrani, si kesi.

Sasa lile lililonifanya niandike, maana barua huwezi kuikata. Bati la nane lipo mbele yangu. Mwili nimemaliza, khanga nimemaliza, sura sina. Mjomba anasema nimefanana na Chausiku kama kanizaa yeye, na ndiyo maana tangu utotoni mwangu wewe hunitazama ukageuza uso. Nilidhani nimekukosea kitu, Mama. Sasa nimejua, na sina kinyongo hata chembe.

Nimetundika kioo kando ya bati. Ukiniruhusu, nitachora uso wangu. Nipigie tu, uniambie ni kipi alichokuwa nacho yeye usoni ambacho mimi sina.

Binti yako wa huku ziwani,
Mwanaidi