Mama Riziki Hakunipa Karuho

Kambi ya Dzaleka, Malawi, Jumapili kisha kanisa

Mama yangu,

Jambo sana. Presha iko namna gani? Ile dawa ya asubuhi unaikunywa, ao bado unasema eti ulisahau? Na paa ya jikoni, mvua ingali inaingia? Huku tuko bazima, na leo naandika hilo neno bila kudanganya. Nsimire mukwe wako iko muzima, Aline mujukuu wako iko muzima, na mi mwenyewe natembea. Natembea, Mama! Jana nilienda soko kwa miguu yangu yote mbili. Batu ba kabaza banaita, "Bwana, panda baiskeli," mi nabajibu zikomo, asante, leo hapana.

Najua utauliza juu ya nini barua na telefone iko. Juu audio yangu njo ilileta mambo. Audio inatoka mu telefone moja inaingia mu kumi, na batu banasikia mwanzo tu. Hii barua inakuja mu mukono ya pasta wetu anayerudi Bukavu. Uisome mpaka mwisho, ukiwa umekaa.

Unakumbuka nilikuambia nini: eti Mama Riziki, jirani yetu hapa kambini, mutu wa Uvira, alinipa karuho, alinitilia sumu mu chakula. Siku zile tumbo lilikuwa linanikata, nakaa siku ine bila kwenda choo, na kila kitu kina ladha ya chuma mu kinywa. Mama Riziki akaleta sahani ya sombe, majani ya muhogo, nikakula yote. Asubuhi kidole kikubwa cha mguu kimevimba, chekundu, hata shuka ikikigusa nalia kama mutoto. Ni mguu wa kuume, Mama, ule wa kukanyaga mashine ya kushona. Mashine ikalala, na nguo nyeupe za kora ya kanisa zikabaki zimekatwa tu, bila kushonwa.

Mi mutoto wa Bukavu, ungetaka nifikiri nini? Nikaenda kwa muganga mumoja hapa kambini. Akaninywesha majani, nikatapika mpaka nikaona nyota mchana, kisha akasema, "Ni mwanamuke wa karibu." Wa karibu ni nani? Nikakutumia audio siku ile ile. Mama Riziki alipoleta uji ya Aline, nikaimwaga chini mbele ya macho yake. Hakugombana. Aliokota kikombe yake, akaingia kwake, akafunga mlango. Nsimire akaniambia, "We Bahati, akili yako iko wapi?" Nikamunyamazisha. Hata leo nikikumbuka ile kikombe naona haya.

Nsimire njo alinikokota mpaka hospitali moja ya Lilongwe, na Aline mugongoni. Dokta ni Mumalawi, kijana, mupole. Akapima damu, akasema asidi uriki imepanda sana, na hiyo njo inaganda kama chembe za chumvi ndani ya kiungo cha kidole. Akauliza, "Unakula nyama mara ngapi?" Nsimire akacheka mpaka batu bakageuka. "Dokta, huyu anakula nsima na maharagi. Nyama anaionaka Noeli!" Dokta akaacha kuandika. Akaangalia mu kinywa changu, akauliza juu ya tumbo na juu ya choo, kisha akasema, "Kazi yako ni nini? Nionyeshe namna unaifanya." Nikachukua kalamu yake, nikailamba, nikachora mustari juu ya karatasi. Vile Papa alinifundisha, unakumbuka, na kreyo yake, kalamu ile ya kulamba.

"Na kazini unalamba nini?" akauliza.

Ikabidi nieleze. Upepo wa Dzaleka unapeperusha kitambaa mezani. Basi nilitafuta batri za sola zilizokufa, nikazipasua, nikayeyusha plombu yake, risasi ile nzito ya ndani, mu nyumba juu ya mbabula ya makaa, nikaimimina mu mikebe ya sardine ikuwe vizito vya kukamata kitambaa. Ile iliyobaki nikaifanya vijiti vya kuchorea, juu kwa nguo nyeupe inachora muzuri kupita chaki. Nimelamba hiyo kitu mwaka muzima, Mama. Na mbabula ile ile njo tulikuwa tunapikia. Na mi nilikuwa najiona fundi kweli kweli!

Dokta akashika kichwa. Akasema plombu ni sumu. Inakaza matumbo na kuyauma, inasumbua hata vile vidudu vizuri vya ndani vinavyosaidia chakula, na inachokesha figo. Ile asidi inatokaka mu mwili kwa njia ya figo, na ingine kwa matumbo. Njia zikiharibika, inabaki mu damu mpaka kidole kinavimba. Nikauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo nani alinipa sumu?" Dokta akanyoosha kalamu yake kwa kinywa changu. Nsimire hakunitazama. Alikuwa amemukumbatia Aline, juu Aline njo alikuwa anachezea vile vijiti, anachora kuku mu ukuta na kuvitia mu kinywa.

Bakakamata damu ya mutoto nayo, ikatumwa mbali. Tukangoja wiki tatu. Sitaki kuzipita tena. Nilisugua nyumba na maji na sabuni, nikakwangua udongo wa pale nilipoyeyushia, na vizito vyote na mbabula tukavipeleka kwa batu ba afya, juu kuvitupa ni kumupa mwengine shida. Kila Aline akisema tumbo, nakimbia kumushika. Kisha dokta akatuita: ya mutoto ni kidogo, itashuka yenyewe kama nyumba inabaki safi na anakula vizuri. Nilikaa chini pale koridoo nikalia, na batu banapita. Wiki hii tumerudi tena, yake imeshuka, na yangu imeshuka. Mungu ni mwema, Mama. Usiku nalala.

Ilibaki Mama Riziki. Unajua kwetu neno la karuho haliombewi musamaha kwa kinywa tu. Leo kisha ibada, kora yote iko inje na nguo zao nyeupe nilizomaliza kushona, nikamufuata nikasema kwa nguvu, "Mama Riziki, nipe chakula."

Akauliza, "Hauogopi?"

"Naogopa ukininyima."

Akaenda kwake, akarudi na sombe mu sahani ile ile. Nikakula nimesimama, yote, na sahani nikaipangusa na tonge ya nsima. Akasema, "Bahati, ile uji ya mutoto njo iliniuma." Nikasema najua. Akanipokea sahani, kisha akaniambia kitu sikujua. Zawadi, yule anayeuza mandazi pale soko ya Kadutu karibu na meza yako, ni mudogo wake. Tangu ulisikilizisha batu audio yangu, hakuna anayenunua kwake, banaogopa karuho. Batoto bake banakula mandazi iliyolala.

Mama, ni mi nilisema, lakini ni we uliipeleka soko. Sikulaumu, ulikuwa unaniogopea. Ila uende. Uende asubuhi, wakati soko imejaa, ununue andazi ya Zawadi, ukule pale pale mbele ya batu, na useme kwa sauti kwamba mutoto wako alijitia sumu mwenyewe, kwa ulimi wake.

Unisalimie Kaka Dieudonné wa useremala, umuambie asiweke misumari mu kinywa. Unisalimie Tantine Espérance wa mukaa, na mudogo wangu wa mwisho anayesoma, asichoke. Nsimire anakukumbatia. Aline amekuchorea kuku huku chini, na makaa safari hii, na mikono amenawa.

Mutoto wako fundi,
Bahati

N.B. Ukule mbili. Moja yako, moja yangu.