Nilimhamisha Mama Mkwe Kutoka Mbele ya Kabati Lake

Shangazi mpendwa, shikamoo, nishike mkono maana nimechemsha ukweni na sijui hata kosa langu ni lipi. Mimi ni mpiga picha, kazi yangu naijua, watu husema picha zangu zimetulia, na siri yenyewe ni kwamba kabla sijamtazama mtu natazama kwanza kilicho nyuma yake. Sasa Jumapili iliyopita mchumba wangu aliniomba nimpige mama yake picha nzuri kwa kuwa amestaafu ukunga, basi nikafika nikamkuta mama kapendeza, gauni jipya, amekaa wima kwenye kiti mbele ya kabati la vioo la sebuleni, lile alilotengeneza marehemu mumewe, limejaa vikombe, glasi, kuku wa udongo na maua ya plastiki, na juu yake saa ya ukutani, na nilipochungulia kwenye kamera, Shangazi, maua yalikuwa yanamwotea masikioni na saa imemkalia utosini kama kofia, nami bila kusita nikasema, "Mama, hapa pana vurugu, twende nje kwenye ukuta mweupe." Akaniuliza taratibu, "Vurugu?" Nikamjibu ndiyo, vitu vingi vinachosha macho. Akatoka, akasimama ukutani, nikapiga, na picha ikatoka safi, hata mchumba wangu alikiri, lakini mama alipoipokea aliitazama, akasema, "Asante, fundi," akaitia chini ya mto wa kochi, na tangu hapo ni fundi tu, mimi niliyekuwa naitwa mwanangu na kuwekewa kipande kikubwa cha nyama. Mchumba wangu anacheka hadi machozi, anasema nitajijua, tunapendana na harusi ipo palepale, ila furaha yangu imeingia mchanga kidogo. Je, nimwombe radhi kwa kumpiga picha nzuri?

Ni mimi, Fundi kwa Lazima

*

Fundi, pole, na hongera kwa kupata mchumba anayecheka badala ya kununa. Sasa kaa nikuseme.

Umeniandikia kwamba kabati lile lilitengenezwa na marehemu, ukalipita kwa maneno matatu, ukakimbilia kulalamikia maua. Hivi unadhani mama alikaa pale kwa bahati tu? Alivaa, akabeba kiti, akachagua mahali. Alimaliza kazi yake ya miaka yote akataka kupigwa picha pamoja na mumewe, kwa namna pekee iliyobaki. Wewe ukaiita kazi ya mikono ya marehemu vurugu, tena mbele ya mjane wake! Na hiyo unayoiita nzuri, ya mtu na ukuta mweupe, ni picha ya kitambulisho.

Kutazama kilicho nyuma ya mtu ni jambo jema, na saa kumkalia mtu utosini ni kosa kweli, sikukatalii. Ila dawa yake si kumfukuza mtu sebuleni kwake.

Rudi Jumapili hii, mchana, mapazia yakiwa yamefunguliwa. Mwambie, "Mama, nilikosea, sikukuuliza." Ishia hapo, usijitetee. Kisha mwombe akusimulie vitu vya kabatini, kimoja kimoja, nawe usikilize kama mkwe, si kama mtu anayewahi kazi nyingine. Ukishasikia utajua kipi kikae karibu na bega lake. Saa, omba ruhusa uishushe. Kiti kivute mbele, mbali kidogo na kabati, uso wake utoke wazi na vikombe vionekane kwa mbali. Flashi izime, la sivyo kioo kitakurudishia mwanga machoni. Tumia mwanga wa dirisha, usimame kwa upande. Na zile mbao za marehemu usizikate pichani hata kidogo, zionekane zote, mpaka miguu ya kabati.

Akikwambia kuna kitu kisiguswe, kisiguswe. Sogea wewe.