Kumlisha Yusto

Jumatatu, 5 Februari 2024

Leo nimeaibishwa nyumbani kwangu, hapa hapa Izia. Mimi Teodori! Dereva niliyefikisha mahindi mpaka Lubumbashi, niliyewachekesha maafande wa mipakani hadi wakasahau kunikagua.

Amekuja Mariana wa hospitali, mtoa tiba kwa vitendo. Kabinti tu, miwani na mabuti ya mvua. Nilidhani analeta sindano. Kumbe kazi yao ni kumsaidia mtoto aweze mambo ya maisha yake — kukaa, kushika, kula, kuvaa, kucheza. Yusto wangu ana miaka mitano na hajawahi kukaa mwenyewe. Alichelewa kulia alipozaliwa, ubongo ukaumia. Mwili unakaza kama kamba ya turubai.

Nikamwonyesha kiti cha magurudumu nilichomletea mwanangu kutoka Tunduma. Kinang'aa! Mtaa mzima ulikuja kukitazama. Mariana akamweka Yusto, mtoto akateleza, akakunjamana kama gunia lisilojaa.

“Baba Yusto, kiti kizuri. Ila ni cha mtu mzima. Mtoto anazama humu.”

Mke wangu Coleta akageukia ukuta acheke.

Halafu Mariana akaomba kuona anavyokula. Mama yangu akamlaza chali mapajani, akakinga kiganja mdomoni, akamimina uji wa ulezi, akambana pua. Yusto akameza, akakohoa kikohozi chake kile tulichokizoea. Mariana akasema kile si kikohozi cha baridi. Ni uji unaingia mapafuni, kidogo kidogo, kila siku. Ndiyo maana kifua hakiponi.

Mama akanuna. Kalea watoto saba hivyo hivyo, na mimi nikiwemo — hebu tazama kitambi! Mariana akajibu taratibu: wale saba walikuwa na shingo za kujitetea, bibi. Huyu hana.

Alhamisi, 8 Februari

Tunajenga kiti cha maboksi. Usicheke, Teodori! Mariana kampima Yusto kwa kamba, mgongo, paja, goti mpaka kisigino. Tunakata maboksi ya sabuni, tunayabandika tabaka juu ya tabaka kwa gundi ya unga wa ngano. Yakikauka, anasema, yanakuwa magumu kama mbao, na yatamshika mtoto wima akila.

Jirani Polikarp kapita: “Umefilisika, mshikaji? Unamjengea mtoto nyumba ya maboksi?” Nikamjibu: mkeo akikufukuza, njoo nikugawie chumba.

Lakini kubwa la leo ni hili. Mariana kanifundisha kumpakata wima, magoti yakunjwe, kidevu kiiname kidogo. Uji mzito, nusu kijiko. Ngoja ameze. Ngoja tena.

Hakukohoa! Hata mara moja! Akaniangalia machoni, mtu na mtu. Nikafuta macho, nikasingizia moshi.

Jumamosi, 10 Februari

Mvua. Kiti hakikauki. Tumekisogeza karibu na jiko, bado kinanuka kama mbwa aliyelowa.

Naondoka kwenda Laela kupakia mahindi. Nimewaagiza: mpaka kiti kikauke, apakatwe wima, kijiko, taratibu. Coleta kaitikia. Mama kasema haya. Ile haya yake naifahamu tangu nikiwa mdogo, haina kitu ndani.

Jumanne, 13 Februari

Hospitali. Coleta alinipigia nikiwa Laela, nikaacha lori na mzigo wake.

Yusto yuko kwenye oksijeni. Mbavu zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Jina lake naliita, hageuki.

Mama kasema mwenyewe, bila kuulizwa. Coleta alikuwa shambani anapalilia. Mtoto akalia njaa. Kijiko, anasema, kinakula asubuhi nzima na nusu ya uji inamwagika. Akamwonea huruma. Akamlaza, akamnywesha mpaka akashiba.

Akashiba kweli. Jioni mwili ukawaka homa.

Nilimfokea mama yangu kwenye korido, watu wanasikia. Niliyoyasema siyaandiki.

Jumatano, 14 Februari

Jumatano ya Majivu. Mama hakwenda kanisani. Kakaa sakafuni nje ya wodi, kajifunika kitenge. Hali chakula.

Yusto analishwa kwa mpira wa puani. Mariana kaja, kainua kichwa cha kitanda, kaviringisha khanga za Coleta, kazipanga mgongoni na chini ya magoti. Mtoto kapumua vizuri kidogo. Khanga tu!

Nikamwambia: bibi yake asimlishe tena, maisha.

“Sawa. Wewe ukiwa barabarani na Coleta shambani, nani atamlisha?”

Nikaanza kuhesabu majirani kwa vidole, nikaishia kwa Polikarp.

Mariana kasema bila ukali: “Bibi ndiye yuko naye mchana kutwa. Nisipomfundisha yeye, sijafanya kazi. Nilikufundisha wewe, mtu wa safari. Hapo na mimi nilikosea.”

Akatoka, akachuchumaa karibu na mama. “Shikamoo, bibi. Naomba mikono yako.”

Mama kasema mikono hii ndiyo imemuua.

“Hajafa, bibi.”

Mama akafunua uso.

Jumapili, 18 Februari

Oksijeni imeondolewa jana. Mama kashinda na Mariana wanajifunza. Mama anamlisha Coleta maji yenye unga wa mahindi, nusu kijiko, anangoja koo lipande na kushuka. Coleta anakunja uso, wodi nzima inacheka. Mama hacheki. Na mimi hajaniangalia.

Jumatatu, 19 Februari

Daktari karuhusu kijaribiwe kijiko kimoja. Kasema wazi: uji ukiingia tena mapafuni, hana hakika kifua hiki kitastahimili.

Naandika nimesimama dirishani. Mariana kanitoa kitandani, eti nahema kama lori linapanda mlima.

Yusto amekaa, Coleta kamkinga mgongo. Kidevu chini. Mariana kaweka vidole kooni kwake. Kijiko kampa mama.

Mama kasema Teodori amlishe yeye. Nikasema hapana, mama. Wewe. Ndiyo mara ya kwanza nasema naye tangu korido.

Mama kashika kijiko. Kaegemeza mkono kwenye goti la mtoto.

Yusto kafungua mdomo mwenyewe! Anaujua mkono ule.

Uji umo mdomoni. Amefumba.

Mariana: “Tusubiri.”

Mama anamtazama koo. Hapepesi.

Bado hajameza. Bado. Naacha kalamu.